Kutoka Mbwera Hadi Kwenye Meza ya Mwalimu Lin

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye gatini ananiuliza swali lile lile: "Sudi, China kuna nini?" Nikijibu kuna watu, wanaona nawaficha. Nikianza kueleza, boti inafika, kila mtu anakimbilia mizigo yake na mimi nabaki nimekodoa macho, hadithi iko mdomoni. Basi nimeona niandike. Mwenye kusoma asome, na asiyesoma aje tena gatini tusumbuane.

Mambo ya viza, tiketi na foleni za ofisini sitayagusa. Hayana utamu, na nikiyakumbuka kichwa kinaniuma.

Ila mjue kwanza nilikwenda kufanya nini, maana wapo waliotangaza kwamba nimefuata mke wa Kichina. Nilifuata shamba. Mnalijua shamba letu la mpunga, lile la kando ya mkondo. Maji ya chumvi yalikuwa yameliingia. Msimu mmoja mpunga ulitoka umekunjamana, uliofuata haukutoka kabisa. Baba, ambaye hajapata kulala nje ya delta ya Rufiji ila kwa msiba, akaanza kuzungumzia kuhamia Umwe, kule bara kwa mjomba, kwamba huko kuna ardhi nzuri ya mahindi na ufuta. Nilipomsikia baba anataja ufuta nikajua mambo yameharibika.

Nafasi ya kusoma ufugaji wa samaki China ilipotokea, aliniita ukumbini akasema, "Nenda. Ukirudi na kitu cha kuliponya shamba hili, tunabaki. Ukirudi mikono mitupu, tunafunga virago."

Mama aligeuza uso akajifanya anapepeta mchele. Wazazi wake wote wawili wamezikwa Mbwera, na hakutaka kusikia habari za Umwe hata kwa ndoto.

Mbwera hadi Nyamisati

Siku ya kuondoka nilivaa shati jeupe, suruali ya kitambaa iliyopigwa pasi mpaka mstari unakata, na viatu vya kuazima. Mama alinipa kopo la pepeta, ule mpunga mchanga unaokaangwa ukatwangwa mpaka ukawa bapa, akaniambia nisilifungue mpaka njaa inishike kweli. Nilikaa mbele kwenye boti nikiwa nimeinua miguu, viatu visiguse maji yaliyotuama chini.

Tulichelewa kuondoka kwa sababu abiria mmoja alisahau kuku wake, akawarudia. Maji nayo hayamsubiri mtu wa kuku. Tulipofika kwenye kona ya mikoko yalikuwa yameshakupwa, na boti ikakaa juu ya tope. Nahodha akazima mashine.

"Wanaume shukeni, tusukume."

Mimi nikaitazama mikoko kana kwamba ndiyo kwanza naiona.

"Na wewe mtu wa China!" nahodha akapaza sauti. "Au huko hamsukumi?"

Nikashuka. Tope lilinimeza mpaka mapajani, na kiatu kimoja kikabaki chini. Nilikipapasa kwa mkono, boti nzima inacheka, mpaka nikakiopoa kimejaa kama chungu. Mama mmoja mwenye tenga la kuku, yule yule aliyetuchelewesha, alinitazama kwa huruma akasema, "Mwanangu, ukifika huko waambie tope hilo umetoka nalo kwenu. Wasije wakasema umewachafulia nchi."

Basi ndivyo nilivyoingia Nyamisati, nimeshika viatu mkononi, suruali imekatika rangi katikati. Mpaka leo mstari ule wa pasi sijauona tena.

Kibiti

Kibiti nililala kwa Mwalimu Atupele, aliyewahi kunifundisha. Yeye na mumewe ni watu wa Kyela waliohamia kikazi, na binti yao Upendo alikuwa anasomea udaktari mji ule ule niliokuwa nakwenda. Mwalimu aliifua suruali yangu bila kuniuliza, akanilisha ndizi za nazi mpaka nikaomba msamaha. Asubuhi akaniletea mfuko uliofungwa kwa kamba.

"Mpelekee Upendo. Mchele wa Kyela."

Nilidhani ananitania. "Mwalimu, mimi natoka Mbwera. Nimezaliwa ndani ya mpunga. Sasa nibebe mchele wa Kyela, niutoe Kibiti, niupeleke China, nchi ya wala wali?"

"Ndiyo. Wa Kyela unanukia."

"Na wetu?"

Akafikiri kidogo. "Wenu unashibisha," akasema kwa sauti ya mtu anayelazimika kumsifia mtoto wa jirani.

Niliubeba. Ningefanya nini, na ndizi zake ziko tumboni? Lakini kwenye basi la Dar niliuweka chini ya miguu, si mapajani.

Angani na uwanjani

Ndani ya ndege nilikaa na mama mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekuwa anakwenda Guangzhou kununua mapazia. Alikuwa amekwisha kwenda mara nyingi, akavua viatu kabla ndege haijatembea. Akaniita mdogo wangu, akaniuliza nimejiandaaje.

"Nimejifunza maneno ya salamu," nikasema.

"Salamu utaila?" Akatoa simu akanionyesha picha ya nguruwe aliyepigwa mstari mwekundu. "Hii ndiyo lugha. Ukiingia mkahawani, huna haja ya kusema kitu. Onyesha hii, halafu uonyeshe tumbo lako, halafu utikise kichwa."

Akanitumia picha ile hapo hapo. Nawaambia kweli, imenilisha China kuliko Kichina changu chote.

Tulibadilisha ndege Uarabuni, tukakaa uwanjani mpaka mama wa mapazia akalala sakafuni juu ya kanga, nikamlindia mkoba. Guangzhou tukaachana. Yeye akapita upesi, mimi nikasimamishwa. Kijana mmoja mwenye glavu nyeupe alifungua begi langu, akautoa mchele wa Kyela. Akaumimina kidogo kiganjani, akaunusa. Akamwita mwenzake, naye akaunusa. Wakatazamana. Roho iliniuma nikajisemea, hata hawa wanaukubali! Kumbe wanajadili uende pipa gani.

"Ni chakula," nikamwambia kwa Kiingereza changu.

"Najua," akajibu kwa chake, akautumbukiza kwenye pipa la manjano.

Kopo la pepeta wakalichungulia, wakaona umekaangwa, wakanirudishia. Nawaachia wenyewe mwamue nani kashinda kati ya Rufiji na Kyela.

Garimoshi na maji ya moto

Kutoka Guangzhou nilipanda garimoshi kwenda mji wangu, mji wa pwani ya kusini. Garimoshi lile linakwenda mbio mpaka miti inakuwa ukuta. Mbele yangu alikaa mama mtu mzima mwenye nywele fupi, akaniona natetemeka kwa kiyoyozi. Akainuka, akaenda mwisho wa behewa, akarudi na kikombe cha maji ya moto. Nikangoja majani ya chai. Hayakuja. Nikangoja sukari. Haikuja. Yalikuwa maji ya moto matupu, na yeye ananiashiria ninywe.

Kwetu maji ya moto matupu anapewa mzazi aliyetoka kujifungua. Nikayanywa kwa heshima. Nilipomaliza akaniletea mengine. Na tangu siku ile, kila nilikokwenda China, nikiumwa kichwa, maji ya moto. Nikichoka, maji ya moto. Nikimkumbuka mama, maji ya moto. Kama ningekuwa nimezaa kweli, mtoto angekuwa na afya nzuri sana.

Yule mama akafungua pakiti ya miguu ya kuku, akanikaribisha. Nikatoa simu, nikamwonyesha nguruwe. Akacheka, akabana viwiko akavipigapiga ubavuni, akawika katikati ya behewa zima ili nijue ni kuku. Watu wakageuka. Niliona aibu kukataa baada ya kazi yote ile, lakini nilikataa, nikafungua pepeta badala yake nikammiminia kiganjani. Akatafuna polepole. Akapiga simu ya video kwa mjukuu wake, akamwonyesha pepeta, akamwonyesha na mimi, akamwonyesha pepeta tena. Tulishuka marafiki na jina lake sikulijua.

Upendo alikuwa ananisubiri stesheni. Sikuwa nimemwona tangu akiwa anasoma sekondari Kibiti. Hakuniuliza habari za safari wala za nyumbani.

"Mchele uko wapi?"

Nilipomwambia, alikaa kwenye kiti cha pale stesheni akashika kichwa.

Kutafuta mwalimu

Miezi ya kwanza ilikuwa ya lugha. Sitawachosha nayo. Mjue tu kwamba asubuhi wazee wanacheza muziki uwanjani kwa mistari, bibi na babu pamoja, hakuna anayewasema. Kwamba baridi ya kule inaingia mpaka ndani ya blanketi, nami nililala na soksi juu ya soksi. Kwamba karibu na bweni kulikuwa na mkahawa wa Waislamu wenzetu, mwenyewe anavuta tambi kwa mikono kama anasuka kamba, na siku za Ijumaa alikuwa ananiongezea nyama bila kusema kitu.

Kilichonisumbua ni kula. Bwaloni kila mtu ana sahani yake ya chuma yenye vijumba, wali chumba chake, mboga chumba chake, na mwenye sahani anatazama simu. Mimi nimekulia kwenye sinia. Siku ya kwanza niliweka sahani yangu katikati ya meza ya vijana nisiowajua, nikasema karibuni. Mmoja akahama. Mwingine akaniletea kijiko, akidhani nimekikosa.

Lakini shida kubwa ilikuwa mwalimu. Muhula ukiisha, kila mwanafunzi lazima awe amechukuliwa na mwalimu wa kumsimamia kwenye vitendo. Asiyechukuliwa anafungasha. Mwalimu wa kwanza alitaka nikae na kompyuta nihesabu mayai ya samaki kwa picha. Wa pili alikuwa wa maji baridi tu, chumvi hataki kuisikia. Alibaki mmoja, Mwalimu Lin, ambaye alikuwa na mabwawa kijijini kwao, kwenye mashamba yaliyoharibiwa na bahari kama letu. Huyo ndiye niliyemtaka. Tatizo ni kwamba yeye hakuonyesha kumtaka mtu yeyote.

Alikuwa mtu mwembamba, mvi tupu, asiyezungumza. Nilikwenda ofisini kwake mpaka mlinzi akanizoea. Nikamwonyesha picha za shamba letu kwenye simu. Akazitazama kwa muda mrefu, akanirudishia simu akasema, "Bado nafikiri." Nikirudi wiki nyingine, bado anafikiri. Muhula ukawa unakwisha, na baba kwenye simu ananiambia mjomba amekwisha kumwonyesha kiwanja.

Siku moja Mwalimu Lin akasema, "Jumamosi njoo ule kwa mama yangu. Mlete na dada yako." Alimaanisha Upendo, ambaye alikuwa anakuja kunitafsiria.

Upendo aliposikia alishika mdomo. "Hapo ndipo wanapokupima, Sudi."

"Kwa chakula?"

"Kwa adabu. Nisikilize. Vijiti usivichomeke kwenye wali vikasimama, hiyo ni ya wafu. Kitu chochote kikija, subiri wakubwa waanze."

"Hilo la mwisho sihitaji kufundishwa," nikamwambia. "Kwetu tunalelewa hivyo."

Mezani

Nyumba ya mama Lin ilikuwa mwisho wa kijiji, na mabwawa yalianzia nyuma ya jiko. Nilipoona yale maji na ukingo wa tope, na mtu kapinda suruali anavuta wavu, moyo wangu ulitulia mara moja. Harufu ilikuwa ya kwetu. Nikasema kimoyomoyo, mwalimu huyu asiponichukua nitalia mbele za watu.

Meza ilikuwa ya duara, juu yake kioo kinachozunguka ili kila mtu afikiwe na chakula. Alikuwepo mwalimu, mkewe, na mama yake, bibi mdogo wa umbo aliyevaa koti la pamba. Nilimwamkia kwa kuinama na mikono miwili. Akanishika vidole akavitazama, akasema jambo lililomchekesha mkwewe. Upendo akatafsiri, "Anasema vidole vya mtu aliyefanya kazi. Mwanawe hana."

Mke wa mwalimu alikuwa ameulizia mapema, nyumba haikuwa na nguruwe siku ile. Akanipa bakuli la wali, maana Upendo alimwambia Waafrika hatushibi bila wali. Vikaja vyakula vingine, na mwisho akaja samaki mzima, amepikwa kwa mvuke, na vitunguu vya majani juu yake. Mke wa mwalimu akamweka kwenye kioo, akakizungusha taratibu mpaka kichwa cha samaki kikanielekea mimi.

Wote wakanitazama.

Sasa hapa nyie mtanielewa. Kwenye sinia, samaki anakaa katikati. Unakula wali upande wako, mchuzi unaonja, lakini samaki humgusi mpaka baba amege agawe. Mtoto anayemfuata samaki kabla hajagawiwa, huyo kaaibisha ukoo mzima. Na kichwa ni cha mkubwa. Sasa kichwa kinielekee mimi, mdogo kuliko wote pale mezani? Nikaona mama huyu amekosea kuzungusha. Nikashika kioo kwa heshima, nikakirudisha mpaka kichwa kikamtazama bibi. Nikatabasamu, nikala wali.

Mke wa mwalimu akatabasamu pia, akakizungusha. Kichwa kikarudi kwangu.

Nikakirudisha kwa bibi.

Mwalimu mwenyewe sasa akanyoosha mkono, akakizungusha. Samaki akanijia kwa mara ya tatu, macho yamemtoka. Hapo nikajua kumbe huu ndio mtihani wenyewe. Wanataka waone kama nitakuwa na tamaa. Nikajipongeza, nikamrudisha kwa bibi, nikaongeza kula wali. Wali mtupu, kwa bidii, ili waone nimeridhika.

Mke wa mwalimu akaniona nakula wali mtupu. Akainuka akakimbilia jikoni, akarudi na kamba. Nikashukuru, nikaomba wali. Akarudi jikoni, akaleta mayai na nyanya. Nikashukuru. Uso wake ulikuwa umeanza kuiva. Upendo ananipiga teke chini ya meza, nami nachukulia ananipongeza. Samaki anapoa. Hakuna mtu mezani aliyeinua kijiti kumwelekea, hata bibi, ambaye alikuwa anamtazama kwa uchungu wa wazi kabisa.

Mwisho Mwalimu Lin akaweka vijiti chini. Akamwambia Upendo maneno machache. Upendo akageuka rangi.

"Sudi," akasema kwa Kiswahili, tena kile cha kwao Kyela kinachomtoka akikasirika, "mwalimu anauliza, mtu asiyekula samaki atafugaje samaki? Anasema hawezi kumchukua mwanafunzi anayemkimbia samaki mezani. Mbona hukuniambia kwamba huli samaki?"

"Mimi? Mimi nisile samaki? Upendo, mimi wa Mbwera!"

"Basi mbona unamfukuza?"

"Simfukuzi! Namsubiri mkubwa agawe! Si wewe uliyesema wakubwa waanze?"

Upendo akaniangalia. "Agawe nini?"

Hapo nikakumbuka kwamba yeye kakulia nyumba ya kila mtu na sahani yake. Nikamweleza haraka haraka sinia lilivyo, wali pembeni, samaki katikati, baba anavyomega kwa vidole na kumpa kila mtu kipande chake, na jinsi ambavyo tangu nizaliwe sijawahi kumgusa samaki kabla ya mkono wa baba. Nilikuwa namwona baba kabisa, na nilikuwa namwona akimega samaki Umwe, samaki wa kununuliwa barabarani.

Upendo akatafsiri, naye sasa taratibu. Mwalimu Lin alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunika uso kwa mkono, mabega yakawa yanatikisika. Nikadhani nimemliza mtu mzima. Kumbe anacheka.

"Anasema," Upendo akatafsiri huku naye anajizuia, "kwao samaki kichwa kikimwelekea mgeni, hakuna anayeruhusiwa kumgusa mpaka mgeni aonje. Hata mama yake. Wamekungoja wewe."

Nikamtazama bibi. Bibi alikuwa na njaa kweli.

Mwalimu akanisukumia samaki. "Gawa wewe," akasema, "kama baba yako."

"Siwezi, mwalimu. Baba yupo hai na mimi sijawahi. Na hapa yupo aliye mkubwa." Nikakizungusha kile kioo kwa mara ya mwisho, kwa mikono miwili, mpaka kwa bibi. "Naomba bibi anigawie."

Bibi hakungoja tafsiri imalizike. Alishika vijiti, akamfungua samaki mgongoni kwa mkupuo mmoja, akanipa nyama ya shavu, akampa Upendo tumbo, akampa mkwewe mgongo. Mwanawe profesa akampa mkia. Tukala. Nilikula samaki yule mpaka miba ikabaki myeupe, na mwalimu ananitazama kila ninapomeza.

Wakati wa chai bibi akaniuliza jambo kupitia Upendo.

"Anauliza, utakuja tena lini?"

Nikasema kweli. "Sijui, bibi. Mwalimu hajasema kama nabaki. Asiponichukua, naondoka muhula ukiisha."

Bibi akamgeukia mwanawe. Alizungumza kwa kilugha cha pale kijijini, ambacho hata Upendo hakijui. Alizungumza kidogo tu, bila kupaza sauti. Na profesa wa mvi tupu, anayeogopwa na chuo kizima, akainamisha kichwa, akakwaruza meza kwa ukucha.

"Jumatatu," akaniambia. "Alfajiri. Uwe na mabuti."

Nilipotoka nje nilimpigia mama nikashindwa kuongea. Akadhani nimefiwa.

Mabwawani

Nilifanya kazi pale mpaka mabuti yakaoza. Mwalimu Lin, akishakuchukua, anaongea. Tena anaongea kwa ukali. Tope akiligusa anakwambia lina chumvi kiasi gani, na ukikosea mlango wa maji anakuita jina ambalo Upendo alikataa kunitafsiria. Bibi alikuwa analeta chakula cha mchana mwenyewe, anakaa ukingoni, ananigawia. Nilimfundisha kusema karibu. Akawa anawakaribisha hadi bata.

Jambo nililolifuata, mkitaka kulijua kwa ufupi, ni hili. Mwalimu hakuwa anapigana na chumvi. Alikuwa ameipa msimu wake. Anachimba mfereji mpana kulizunguka shamba, katikati anaacha kiinuko. Mvua zikija na maji ya mto yakawa matamu, anafungulia yaoshe tope, anapanda mpunga kwenye kiinuko. Kiangazi bahari ikipanda, anaiacha iingie, anafuga samaki na kaa kwenye mfereji. Nilipoielewa, nilikaa kwenye ukingo nikaanza kuhesabu kwetu mkondo uko upande gani, mlango nitauweka wapi, mwatiko, wale samaki wa maji ya chumvi, watapita wapi.

Kurudi

Njia ya kurudi ilinichelewesha kwa kila namna. Ndege iligoma, basi likaharibika Bungu, tukala machungwa barabarani mpaka meno yakauma. Mwalimu Atupele nilimpitia Kibiti na salamu za Upendo, akaniuliza mchele ulifika salama. Nikamwambia Wachina waliupokea kwa mikono miwili.

Nilipofika Mbwera, mbuzi wetu hawakuwepo. Baba alikuwa amewatanguliza Umwe. Magunia mawili ya vyombo yalikuwa yamefungwa, yameegemezwa ukutani, na mama alikuwa anapika kwenye sufuria la kuazima ili asiyafungue.

Usiku ule nilieleza kila kitu, mfereji, kiinuko, mlango wa maji, mwatiko, kaa. Nilichora kwa kijiti sakafuni. Wajomba na majirani walikuwepo. Mmoja akacheka, "Kaa wanatoka mikokoni bure, wewe umekwenda China kusoma kuwatunza?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao, lakini jicho langu lilikuwa kwa baba. Baba alitazama ule mchoro mpaka watu wakatawanyika, kisha akaenda kulala. Mimi nililala vibaya.

Asubuhi nilisikia vyuma vinagongana uani. Nikatoka nikamkuta amepinda suruali, ana majembe mawili begani. Akatangulia, nami nikamfuata mpaka shambani, pale chumvi ilipokuwa imetanda nyeupe juu ya tope. Akasimama, akalitazama shamba lote kutoka ukingo hadi ukingo. Shamba lile amelilima tangu kabla sijazaliwa, na kila mwaka yeye ndiye aliyeonyesha jembe la kwanza lipige wapi, hata mama hakuthubutu kumtangulia.

Akanikabidhi jembe moja.

"Haya, baba," akaniambia. "Tunaanzia wapi?"

Nikamwonyesha.